Mikono ya "Anayesubiri"

Jumatatu, 3 Machi

Imerudi! Simu imelia nikiwa na povu mpaka viwikoni, nikaipokea hivyohivyo. Msimamizi wa maonyesho, anahema kama aliyepanda ngazi mbio: picha imefika salama, iko ndani ya kreti, hawajaifungua bado. Nimepiga kigelegele peke yangu jikoni. Jirani kachungulia dirishani kuuliza kama kuna harusi.

"Anayesubiri" — picha iliyompa mume wangu jina, na mimi ikanipa sifa. Mwanamke amekaa kitini, mikono imelala mapajani. Miaka zaidi ya thelathini imekaa nchi za watu, ukutani kwa tajiri mmoja. Sasa amekubali kuiazimisha mwezi mzima.

Na mimi sijawahi kuiona! Watu hawaniamini nikisema. Mwanamke wa kwenye picha hajaiona picha! Lakini ndivyo ilivyo. Nilikaa siku mbili tu, mume wangu akachora uso. Halafu mimba ya kwanza ikaleta matata, daktari akaniamuru nilale, nikaenda kulala kwa mama yangu mpaka nikajifungua. Niliporudi na mtoto mgongoni, picha imeshanunuliwa, imeshapakiwa, imeshakwenda. Nilichobaki nacho ni kile kipande cha gazeti juu ya televisheni, ukubwa wa kiganja. Uso unaonekana vizuri. Kuanzia kifuani kwenda chini ni ukungu mtupu.

Mzee (kila mtu anamwita mume wangu hivyo, nami nilishazoea) nimemwambia kwa kelele. Kasema, "Aa. Vizuri," akaendelea kutafuta soksi. Umri huo.

Alhamisi, 6 Machi

Vijana anaowafundisha Mzee kuchora wamekuja nyumbani, wote watano, na njaa zao. Maonyesho yenyewe si ya Mzee, ni yao. Kila mmoja amechagua kazi moja ya Mzee na "kuijibu" kwa mkono wake. Ndivyo wanavyosema, kuijibu, utafikiri picha imewatukana. Kofia, yule asiyevua kofia hata mezani, anashona upya picha ya kituo cha mabasi kwa mifuko ya saruji. Sielewi, ila nimemsifu.

Miwani amechagua "Anayesubiri". Msichana mwembamba, huongea akitazama viatu vyake. Hataki picha nzima, anataka mikono tu. Ataikuza ijaze ukuta. Kasema, "Mama, ni mikono iliyochorwa na mapenzi."

Maana hadithi ya mikono ile inajulikana. Mzee ameisimulia kila alipohojiwa: uso niliuchora mke wangu akiwa mbele yangu, mikono niliichora kwa kumkumbuka, akiwa mbali kitandani. Miezi mitatu aliichora! Mimi mwenyewe nimeisimulia kwenye harusi, kwenye foleni ya benki, hata kwa daktari wa meno na mdomo umejaa pamba.

Kofia hana breki mdomoni. Kasema, "Lakini Mzee, wewe si ndiye unayetukataza kuchora tusichokiona? Ulinichania karatasi kwa sababu nilichora punda kwa kumkumbuka tu! Sasa hii mikono?" Wote wakaangua kicheko. Mzee akacheka wa mwisho. "Mapenzi nayo ni macho," kasema. Wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Siku ya ufunguzi, Jumamosi ya tarehe 22, wanataka nikae kwenye kiti kando ya picha, watu wanione mimi, waione na picha. Msimamizi atanitambulisha kwa kipaza sauti: Mwanamke Mwenyewe. Nimejifanya kuona haya. Jioni hiyohiyo nimepeleka kitambaa kwa fundi cherehani.

Jumapili, 9 Machi

Mdogo wangu kaja, kama kila Jumapili. Nimempa habari ya picha, kasema hataweza kuja ufunguzi, kichwa. Mwanamke huyu hajawahi kukanyaga maonyesho ya shemeji yake! Mara kichwa, mara mguu, mara mvua. Nimemwambia safari hii hata kichwa kikikatika, akibebe mkononi aje nacho. Na kwa haki yake! Nilipokuwa nimelala kwa mama, si yeye aliyebaki hapa kumpikia Mzee? Bila yeye msanii angekufa na njaa, picha ingeishia usoni.

Hakucheka. Kaosha vyombo vyote, hata visafi.

Jumanne, 11 Machi

Nilitaka kwenda kuiona leo. Mzee kasema ngoja, haijatundikwa vizuri, twende pamoja siku ya ufunguzi, iwe zawadi. Sawa. Nimevumilia miaka yote hiyo, siku chache zitanishinda?

Miwani alipita kupiga picha mikono yangu, aiweke kando ya kazi yake. Kaigeuzageuza, kaiweka juu ya meza, kakazana kutazama simu yake, mikono yangu, simu, mikono. Nikamtania: "Imezeeka, eeh?" Kasema, "Hapana, Mama." Uchangamfu wote ukamkauka. Kaacha chai nusu kikombe, kaondoka bila hata kuaga vizuri. Vijana wa siku hizi.

Ijumaa, 14 Machi

Sijui nianzie wapi.

Gauni lilikuwa tayari. Nikasema nipite ukumbini nilitazame kwenye taa zao, nione rangi inakubali. Mzee sikumwambia. Mlinzi kaniamkia, kaniachia nipite. Ndani kumejaa ngazi, ndoo za rangi, waya sakafuni. Picha bado imefunikwa shuka. Lakini ukuta wa Miwani umekamilika.

Mikono. Kutoka sakafuni mpaka karibu na dari. Alipiga picha turubai lenyewe, akaikuza ukutani kwa projekta, akafuata kila mstari kwa mkaa na rangi. Nilifurahi. Kweli, kitambo kidogo nilifurahi, nikasogea nijione.

Kidole kidogo cha kushoto kimepinda. Kimeingia upande wa kidole cha pete, kama kinamnong'oneza mwenzake.

Kidole changu hakijapinda. Najua kilichopinda. Mdogo wangu alianguka ukutani akiwa mtoto, mfupa ukaunga vibaya. Nimekiosha kidole kile, nimekifunga bendeji, nimekipaka hina. Ningekitambua gizani kwa kukigusa. Na hiki hapa, kirefu kuliko mimi.

Kofia alikuwa juu ya ngazi. Kanipigia kelele kwa furaha, "Mama, mwambie huyu akinyooshe kile kidole, watu watasema hajui kuchora!" Na pembeni msimamizi ameshabandika maelezo yake, kwa herufi nzuri: kidole kilichopinda ni kosa la kumbukumbu, na katika kosa hilo ndimo mapenzi yanamoonekana.

Miwani alisimama na brashi. Hakunitazama. Anajua. Alijua tangu alipoigeuzageuza mikono yangu mezani.

Halafu nikaona pete. Pete yangu ya ndoa, ile yenye bonde dogo ubavuni, imechorwa mpaka bonde lake. Niliiacha kwenye droo kwa sababu vidole vilikuwa vimenivimba kwa ile mimba. Imevaliwa. Imekaa vizuri kabisa.

Nikamwambia Miwani avute shuka. Kasita, kavuta.

Uso ni wangu. Mzuri jamani, nilikuwa mzuri. Kuanzia shingoni kwenda chini si mimi. Kiuno chembamba, tumbo bapa! Miezi ile tumbo langu lilikuwa linafika mlangoni kabla yangu. Kichwa changu kimewekwa juu ya mwili wa mdogo wangu, na mimi nimezunguka nacho mjini miaka yote hii nikipokea pongezi.

Nimelisahau gauni kwenye ngazi.

Jumamosi, 15 Machi

Nimepika. Amekula. Amesifu chakula. Nilimtazama mdomo unavyotafuna nikaona ni mdomo wa mtu nisiyemjua.

Sijasema kitu. Nikifungua kinywa nitapiga mayowe.

Jumapili, 16 Machi

Mdogo wangu hakuja. Ametuma ujumbe: kichwa.

Jumanne, 18 Machi

Nimemfuata kwake. Kafungua mlango, kaniona, kakaa chini palepale kwenye kiti cha kuvulia viatu. Sikuhitaji hata kuuliza. Nikamwambia tu, "Nimeuona mkono wako. Ni mkubwa kuliko nyumba hii."

Kalia. Sikumbembeleza. Tangu tukiwa wadogo akilia mimi ndiye hubembeleza, leo nilikaa nikamtazama.

Kasema, "Dada, nilikaa tu. Alihitaji mtu wa kukaa. Mimi nilikuwa nipo." Na kwa nini hukuniambia? Kasema Mzee alimkataza kabla rangi haijakauka, kwamba ningeumia, nami nina mtoto mchanga. Halafu gazeti likaja na ile hadithi ya kumbukumbu, nikafurahi mno, nikaikata, nikaitia fremu. "Ningeanzia wapi, Dada? Kila ukipita unaisimulia. Unawaonyesha watu mikono yangu, unasema yako. Na mimi nipo hapohapo nagawa soda."

Hilo limenichoma. Sikutaka linichome, si zamu yake kuumia.

Nikauliza pete. Nani alikupa?

Kaokota kiatu kimoja, kakifuta vumbi. Halafu: "Alinivisha yeye. Alisema picha inataka pete."

Na uliivua lini?

Katazama dirishani. "Siku uliyorudi."

Miezi mitatu. Kuchorwa ni asubuhi, mwanga ukiwa mzuri, ikifika saa sita Mzee anaweka brashi chini. Hiyo ni asubuhi. Mchana je? Jioni je, akipika jikoni mwangu, pete yangu ikigonga sufuria zangu? Sikuuliza. Niliogopa angenijibu.

Nimesimama mlangoni nikamwambia, Jumamosi usije. Safari hii hata kichwa kikipona.

Jumatano, 19 Machi

Nimemuuliza Mzee. Mikono ya nani?

Hakujifanya haelewi, angalau hilo. Kasema, "Picha ilihitaji mikono. Wewe hukuwepo."

Sikuwepo! Nilikuwa chali kitandani nambebea mtoto wake!

Na ile hadithi? Mwandishi wa kwanza alimuuliza, kasema neno moja zuri, likakua lenyewe. Lenyewe! Kama ukungu kwenye mkate. Aliyelimwagia maji kila mwaka ni nani? Kanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, tena mbele za watu, na mimi nikang'aa.

Nikauliza pete. Kaenda kuosha brashi ambazo zilikuwa zimeshaoshwa.

Aliporudi nilidhani sasa atasema. Mtu wa miaka yote hiyo, nimemtayarishia turubai zake, nimembebea, nimemfungia mizigo, nimezozana na wanunuzi ili yeye abaki mpole. Nilikuwa tayari. Wallahi nilikuwa tayari kusikia neno moja tu. Kasema, "Lakini Jumamosi utakaa kwenye kile kiti?"

Kaanza kunihesabia: binti yetu anakuja na wakwe zake. Waandishi wanakuja. Vijana wamehangaika. Nikae kitambo kidogo tu, nitabasamu, tukirudi nyumbani nimtukane nipendavyo.

Basi hapo ndipo nilipo. Nikikaa, nimeupiga uongo wake muhuri kwa makalio yangu mwenyewe. Nisipokaa, binti yangu atauliza kwa nini, mbele ya wakwe, na atakayejibu ni nani? Na jibu lenyewe silijui lote.

Alhamisi, 20 Machi

Binti kapiga simu. Anauliza avae rangi gani isigongane na gauni langu. Nimemwambia yoyote, mwanangu. Kasema sauti yangu ina mafua.

Mlinzi kaleta gauni. Kalikunja vizuri kuliko ningelikunja mimi.

Ijumaa, 21 Machi

Miwani kaja, hana hata mkoba. Kakaa ukingoni mwa kochi. Nikajua ni jambo.

Mzee alikwenda ukumbini jana. Kasimama mbele ya ukuta wake muda mrefu, kasifu kivuli, kasifu mkaa. Halafu kamwambia akinyooshe kile kidole. Kidogo tu. Kwamba kinavuta macho.

Yeye! Aliyemchania Kofia karatasi kwa ajili ya punda!

Miwani kamwambia, Mzee, ndivyo kilivyo kwenye picha yako. Mzee kasema, najua kilivyo, mimi ndiye niliyekichora. Msichana kalia njia nzima. Hii ndiyo kazi yake ya kwanza kuonekana na watu, na mwalimu wake ndiye aliyemtafutia ukuta. Kaniuliza, "Mama, nifanye nini?"

Nilitaka kumwambia nyoosha, mwanangu, ule, uishi. Ulimi ukakataa. Nikamwambia, ulichora ulichokiona. Basi.

Kasema hata yeye alishaamua hivyo, ila alitaka kusikia kwa mtu mzima. Safari hii kamaliza chai.

Lakini nimekaa hapa nafikiri. Mtu asiye na la kuficha angekisumbukia kidole cha nini? Kama mdogo wangu alikaa tu, akachorwa tu, si Mzee angecheka, akasema jamani nilisahau kusema? Amenijibu bila kujua. Sasa nalijua jibu, na silitaki.

Jumamosi, 22 Machi

Niko stoo ya nyuma ya ukumbi. Nimejifungia. Daftari lilikuwa mkobani, sijui kwa nini nililibeba.

Nimekuja na gauni. Nilikuwa nimepiga moyo konde: nitakaa. Kwa ajili ya binti. Kitambo kidogo, tabasamu, nyumbani. Kiti chenyewe kimewekewa kamba nyekundu, kama cha kinyozi wa wakubwa. Watu pomoni. Binti yangu kanikumbatia, wakwe zake wakanipa mikono miwili. Mzee ana shati jipya, anang'aa.

Nikageuka kuutazama ukuta.

Kimenyooka.

Kidole kimenyooka! Kimenyooka kama rula. Rangi bado mbichi, inanuka tapentaini. Miwani kanishika mkono, anaapa si yeye, kakikuta hivyo asubuhi, msimamizi kamwambia anyamaze. Hakuwa na haja ya kuapa. Namjua aliyefanya. Nimeosha brashi zake maisha yangu yote, naijua mivuto yake, huvuta kutoka chini kwenda juu na mwishoni anainua kwa haraka. Kafuta kazi ya mtoto wa watu. Ukutani kwa mtoto wa watu, kwa mkono wake mwenyewe! Na mbele ya picha yake kaweka chombo kikubwa cha maua, yameziba mapaja yote. Uso unaonekana vizuri. Chini ni maua. Kama gazetini.

Na chini ya ukuta alikuwa amesimama mdogo wangu.

Nilimwambia asije, kaja. Gauni la kazini, mikono mitupu. Anatazama juu. Nilimwendea nimtoe nje, kwa nywele kama ingebidi. Kageuka kaniona. Hakuomba msamaha. Kasema polepole, "Hata hicho, Dada? Nilikuwa na hicho tu."

Nikashika njia ya stoo, naye kanifuata.

Tuko wawili humu. Tumekaa juu ya kreti iliyoileta. Sijamsamehe. Naandika hili ili nisijidanganye kesho: sijamsamehe. Nilipoiona pete hii kidoleni mwangu nilitaka kumzaba kofi, nikaivua, iko hapa juu ya kreti kati yetu, hakuna anayeigusa. Nimemuuliza lile nililoogopa kuuliza. Kajibu. Neno moja. Sitaliandika.

Lakini hakunidanganya. Ndiye pekee leo.

Nje msimamizi ameshika kipaza sauti. Anasimulia. Mke kitandani, mbali, mume na brashi yake, mapenzi, kumbukumbu. Watu wanasema aaa. Sauti ya binti yangu naisikia kati yao. Sasa anaita: "Mwanamke Mwenyewe!" Makofi.

Mzee anagonga mlango. Kwa upole, kwa kifundo cha kidole kimoja. "Mke wangu, toka, watu wanangoja. Usiniaibishe." Anadhani niko peke yangu.

Kipaza sauti kinaita tena. Makofi yameanza kulegea.

Mdogo wangu kasimama. Kajifuta uso kwa kiganja, kalinyoosha gauni lake la kazini, kashika kitasa kwa mkono wa kushoto. Ananiuliza nani atangulie.